Thamani ya Kile Kitu cha Mista Harlan

Louisville, 8 Machi 2015

Kwa mdogo wangu Birindwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Aksanti, binti yangu, ambaye siku hizi nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza mpaka nishike mwiko. Sisi wazima. Goti langu la kushoto ndilo linalotangaza theluji huku, linaitangulia hata televisheni. Goreth anaendeleaje? Nimesikia kanisani kwamba tumbo limeanza kuonekana. Yaani habari za nyumba yako mimi dada yako nazipata kwa watu wa kwaya! Haya, tutazungumza siku nyingine.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Utasema, Yaya, dada mzima, ana simu, stempu ya nini? Bon, ni kwa sababu jambo lenyewe halisemwi kwenye simu. Wewe na mimi tumetoka Kongo, tena Walungu. Tunajua kuna maneno ukiyatamka, mtu anakuja kugonga mlango. Tena marehemu baba alitufundisha kuandika barua kwa fimbo, na fimbo zile zisiende bure.

Mambo iko hivi. Unamjua Mista Harlan, mzee ninayemtunza mwaka wa tatu sasa, yule aliyepigana vita na Wajerumani. Ana miaka tisini na mmoja na kichwa chake bado kinafanya kazi, ila macho ndiyo yamechoka. Chumbani kwake kuna sanduku la mbao lenye kufuli, na ndani ya sanduku kuna kile kitu. Unaelewa. Kile kitu cha Wajerumani, cha kushika kwa mkono mmoja, alichorudi nacho kutoka vitani. Kila asubuhi nikimletea kahawa, kabla ya kunisalimia ananiuliza, "Sanduku limefungwa?" Najibu limefungwa. Ndipo anakunywa.

Sasa binti yake, Miss Lorraine, anayekaa Columbus, mtaa wa Clintonville, amesoma karatasi za bima ya nyumba ya baba yake. Kumbe bima ile haikilipi kile kitu kwa thamani yake kikiungua au kikiibiwa, mpaka mtaalamu akitazame na kuandika kina thamani gani. Na zamani kuna mtu aliwaambia kwamba ni cha aina adimu, si kama vile vingine. Basi Miss Lorraine amesema kabla ya mwisho wa Julai kiwe kimepimwa thamani. Akaongeza, akinitazama mimi usoni: vitu vya baba visipotunzwa vizuri hapa, baba atahamia kwenye nyumba ya wazee huko Columbus.

Donc, mdogo wangu, si habari ya kile kitu tu. Mzee akitolewa nyumbani kwake hatamaliza mwaka. Mimi nitapoteza kazi, na nitampoteza yeye, na sikufichi, yeye ndiye nitakayemlilia zaidi.

Krismasi uliniambia una mwenzako kiwandani anayekusanya silaha za zamani. Muulize: thamani ya kitu kama hicho inapatikanaje? Usitaje jina langu. Mimi mwenyewe sijakigusa na sitakigusa.

Dada yako,
Nabintu


Kenmore, 22 Machi 2015

Yaya wangu mpendwa,

Jambo sana! Huku kwetu pembeni ya Buffalo theluji imefika dirishani. Gari langu nakisia tu mahali lilipo. Goreth ni mzima, anakula limau na chumvi mchana kutwa, na daktari anasema mtoto atakuja Agosti. Nilitaka kukuambia mwenyewe, lakini kwaya yenu ina mbio kuliko redio.

Sasa niruhusu nicheke kidogo. Kile kitu, kile kitu! Yaya, kinaitwa bastola. Andika hivyo: bastola. Karatasi haitalipuka.

Nimemwuliza mwenzangu wa mashine ya jirani saa ya chakula. Aliacha mkate wake mezani, akanishika bega. Anasema umri peke yake haufanyi bei. Kwanza namba. Kila kipande cha bastola ile kina namba ndogo iliyogongwa kwenye chuma, na zote zikifanana, basi vipande vimekaa pamoja tangu kiwandani. Pili, alama ya kiwanda, iko juu. Viwanda vingine vilitengeneza chache sana, na hizo ndizo watu wanazozitafuta mpaka wanagombana na wake zao. Tatu, kile chombo cha kuwekea risasi kiwe chake chenyewe, si cha kuazima. Nne, mfuko wa ngozi, na karatasi ya jeshi iliyomruhusu mzee kurudi nayo. Mwisho, hali yake ilivyo.

Kwa hiyo piga picha, nimwoneshe. Namba na alama zisomeke vizuri, Yaya, nakuomba! Usinitumie picha za ukungu kama zile za ubatizo.

Mzee usimwache. Na wewe usihuzunike kabla ya msiba.

Ndugu yako,
Birindwa


Kenmore, 6 Aprili 2015

Yaya,

Natumaini Pasaka ilikuwa njema. Nakuandikia haraka haraka, sikungoja jibu lako.

Leo mwenzangu amenifuata mpaka mlangoni kunipa neno moja, na ameniapisha nikufikishie: BASTOLA ISISAFISHWE. Anasema ile rangi yake ya zamani, nyeusi inayoelekea bluu, hata kama imechakaa, hata kama ina madoa, ndiyo watu wanayolipia. Ikitoka hairudi. Anayesugua anasugua thamani yenyewe.

Aliposema "kusugua" nilikukumbuka wewe na sufuria za mama. Kwa hiyo tafadhali, usiipitishie hata kitambaa. Ilivyo ndivyo ibaki.

Barua hii naiandika nikiwa nimeshavaa koti la kazi. Nitaitia posta njiani.

Birindwa


Louisville, 19 Aprili 2015

Mdogo wangu,

Yesu amefufuka! Barua yako ya mwezi wa tatu nimeipata na nimecheka pale kwenye ubatizo. Tangu hapo sijapata nyingine.

Pasaka ilitushukia vizuri. Watu wa kanisa walinunua mbuzi wawili, wanaume wakachoma kwenye maegesho ya magari mpaka majirani wakaja na sahani. Baadaye niliomba majivu yote yaliyobaki, nikayabeba kwenye ndoo. Walinishangaa. Lakini wewe unajua, nchi hii ina kila kitu isipokuwa majivu mazuri, na sufuria zangu zilikuwa zimeanza kunifedhehesha.

Kuhusu kile kitu, kinaendelea vizuri. Mzee mwenyewe alifungua sanduku, akakikagua kwa vidole kwamba hakina risasi, mara mbili, akaniwekea juu ya meza ya jikoni, akasema, "Fanya unavyoona, Nabby," akaenda kulala. Nimeona namba. Kweli zinafanana zote, hata ya kile chombo cha risasi. Alama ya kiwanda iko. Vyote vinasomeka. Vinasomeka vizuri sana, Birindwa. Kimependeza, hata wewe ungejiona uso.

Picha zitakuja. Simu ya Aksanti ina tatizo.

Goreth aache chumvi, miguu itavimba.

Dada yako,
Nabintu


Louisville, 24 Mei 2015

Birindwa,

Salamu. Sisi wazima. Aksanti amefaulu hesabu, ila mwalimu anasema anaongea sana darasani. Sijui amemrithi nani.

Barua yako ya tarehe 6 Aprili nimeipokea jana. Jana! Nimetazama muhuri wa posta ya kwenu: 19 Mei. Sasa nieleze, barua ilikuwa wapi wakati wote huo? Ilikwenda kwa miguu mpaka posta?

Juu ya yale uliyoandika ndani yake, sina la kusema. Ila nina swali la kawaida tu, la maisha. Mgeni mkubwa akitarajiwa, na mwenye nyumba ana chombo chenye doa, je, mwanamke aliyelelewa vizuri amwekee mgeni chombo hicho mezani na doa lake? Mama angesemaje? Nauliza tu.

Miss Lorraine amepata mtaalamu wa kutazama kile kitu, mzee mmoja huko huko Clintonville. Miadi ni Jumamosi, tarehe 25 Julai. Nitampeleka Mista Harlan kwa gari.

Picha bado. Simu ya Aksanti.

Nabintu


Kenmore, 7 Juni 2015

Yaya,

Umeisugua.

Usinijibu kwamba hukuisugua. Nilikuwa na miaka minane uliposugua redio ya baba kwa mchanga na majani ya papai mpaka namba za stesheni zikafutika zote, tukawa tunatafuta habari kwa kupapasa. Baba alikaa barazani na ile redio inayong'aa, hajui kama anasikiliza Bukavu au Bujumbura. Nakujua. Tena umeniandikia mwenyewe "ungejiona uso". Bastola ya miaka sabini, mtu anajionaje uso?

Eh Mungu wangu! Nimecheka mpaka Goreth akadhani nalia, halafu nikakumbuka Miss Lorraine, nikaacha kucheka.

Sikumwambia mwenzangu. Ana shinikizo la damu.

Lakini kuna kitu kimoja nataka kukuuliza taratibu. Unasema lilikuwa doa. Wewe kutu unaijua, na uchafu unaujua. Siku ile ulishaapa hutakigusa. Yaya, doa lile lilikuwa la nini?

Kuhusu muhuri wa posta, huku kwetu posta ina matatizo yake, mimi siwezi kuwasemea.

Birindwa

Wifi yangu, mimi ni Goreth, naandika hapa chini yeye akiwa bafuni. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa koti la kazi. Kulipopata joto alilitundika, akalisahau. Niliikuta nilipotaka kulifua. Chumvi nimeacha.


Louisville, 28 Juni 2015

Mdogo wangu mwenye koti,

Msalimie Goreth, mwambie ana akili, ameolewa kwa bahati yako.

Bon. Nilisugua. Haya, cheka, halafu unyamaze unisikilize.

Uliniandikia namba zisomeke. Nikakitazama pale mezani, chini ya taa. Cheusi, namba zimejificha, halafu upande wa kushikia, kwenye chuma na kuingia kidogo kwenye mbao, palikuwa na doa la hudhurungi lenye ukingo. Nilijua ni nini. Wewe pia unajua, ndiyo maana umeuliza. Sisi tuliotoka kule hatuulizi doa kama lile limetoka mwilini mwa nani. Sikuweza kukirudisha ndani ya sanduku vile, nikafunga, halafu kesho nimwambie mzee "limefungwa" wakati doa limo ndani. Sikuweza. Nikachukua majivu ya Pasaka, limau, na ule waya wa kusugulia, nikasugua mpaka jua likatua. Nilikuwa naimba, sikuficha. Rangi ile nyeusi ilipotoka nilidhani ni uchafu, nikafurahi. Kiling'aa kama kijiko cha harusi.

Mzee hajui. Haoni vizuri, na tangu siku ile hajafungua sanduku. Asubuhi bado ananiuliza, nami bado najibu. Nimejaribu kumwambia. Nafungua mdomo, anasema, "Nabby, supu ya jana ilikuwa tamu," basi, naufunga.

Miadi imekaribia. Miss Lorraine akikiona, mzee anahama na mimi nimekwisha. Naogopa, Birindwa. Sijaogopa hivi tangu tupande ndege.

Nabintu


Kenmore, 5 Julai 2015

Yaya,

Huku wamepiga fataki za sikukuu ya uhuru usiku kucha, Goreth hakulala, mtoto naye alikuwa anacheza humo ndani.

Sikucheka, naapa. Na koti ni kosa langu, Goreth ana haki. Barua ile ingefika kwa wakati, majivu yangekwenda kwenye sufuria.

Nakuomba kitu kimoja. Mwambie mzee kabla ya Columbus. Asisikie kwa mtaalamu, mbele ya binti yake. Kama wenyewe tunavyosema, ukweli unauma mara moja. Na nimempigia Gentille, mtoto wa marehemu dada yetu, kule Westerville, karibu na Columbus. Wewe na mzee mtafikia kwake. Mumewe Shem, yule Mkenya, anafanya kazi ofisi ya bima, atakaa karibu nawe. Sikumweleza yote. Nilimwambia tu, "Mama mkubwa wa mkeo ana kazi Jumamosi, mwende naye."

Nakuombea. Hata pale kwenye mashine nakuombea.

Birindwa


Westerville, 26 Julai 2015

Mdogo wangu,

Nakuandikia mezani kwa Gentille. Wote wamelala baada ya ibada, hata mzee. Kaa chini ndipo usome.

Sikumwambia. Nilikusudia kumwambia njiani, lakini tulipovuka mto tu akalala, akaamka tumeshafika mlangoni. Sanduku lilikuwa nyuma, limefungwa, na mimi nilikuwa natokwa jasho na kiyoyozi kinafanya kazi.

Asubuhi, tukinywa chai, Shem alinieleza kazi yenyewe. Anasema, "Auntie, usichanganye. Bei ya kuuza ni kitu kingine. Bima inauliza hivi: kikipotea leo, kesho utapata kingine kama hicho kwa ngapi? Hiyo tu. Ndiyo maana wanataka expert." Nikamwuliza, na kama hakuna kingine kama hicho? Akasema, "Basi hapo ndipo kazi ya mtaalamu inakuwa ngumu." Nikaacha mkate.

Mtaalamu ni mzee mrefu mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso. Ofisini kwake tulikaa wanne: Mista Harlan, Miss Lorraine, Shem na mimi. Kwanza akasoma karatasi ya jeshi, akatikisa kichwa kwa furaha. Akatazama mfuko wa ngozi, akaunusa kabisa. Miss Lorraine alikuwa anatabasamu. Halafu akavaa glavu nyeupe, akafungua sanduku.

Birindwa, yule mtu alishusha miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Akakigeuza. Mwanga wa kile kitu ukawa unatembea juu ya dari. Mwisho akauliza kwa sauti ya mtu aliye msibani, "Nani amefanya hivi?"

Nikasimama. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikasema, "Ni mimi. Nilisugua kwa majivu na limau."

Miss Lorraine aliniita jina ambalo sitaliandika siku ya Bwana. Yule mtaalamu akaeleza polepole: namba zote zinafanana, alama ni ya kiwanda kilichotengeneza chache mno, kama kingekuwa na rangi yake ya zamani kingekuwa na thamani ya gari jipya. Sasa? Akafikiri. Sasa ni friji. Friji nzuri. Miss Lorraine akasimama, akasema, "Dad, imetosha. Jumatatu nakutafutia nafasi huku." Shem alinikalisha, akanishika mkono chini ya meza. Mimi nilikuwa namtazama mzee tu.

Mista Harlan akanyoosha mkono. "Nipe," akasema. Akakisogeza karibu na jicho lake zuri, akakigeuza upande wa kushikia, akapitisha kidole gumba pale pale. Unajua wapi. Akapitisha tena.

"Liko wapi?" akauliza.

"Nini, Dad?" Lorraine akasema.

Mzee aligeuka kwangu. "Nabby, wewe uliliona?"

Nikasema, "Niliona, mzee. Sikuweza kulala nalo nyumba moja."

Mdogo wangu, mzee alilia. Mtu wa miaka tisini na mmoja, alilia mpaka kamasi zikamtoka. Halafu katikati ya kilio akaanza kucheka, mpaka meno ya bandia yakalegea. Akasema, "Nilijaribu mafuta ya taa. Nilijaribu sabuni ya jeshi. Miaka sabini nimekifungia nikidhani halitoki. Na wewe umelitoa kwa limau!"

Akamwambia Lorraine akae. Akatuambia siku aliyokipata kile kitu, mahali, na kijana aliyekuwa nacho. Alichosema sikiandiki. Ni chake, na cha yule kijana. Lorraine alikuwa hajawahi kukisikia hata nusu yake, na ana miaka sitini. Alivuta kiti chake karibu na baba yake na hakuongea tena habari za Jumatatu.

Mtaalamu akasema lazima aandike ukweli wa hali, maana ni karatasi ya bima. Akaandika, Shem akanisomea: rangi yote ya asili imeondolewa kwa mkono, kwa majivu na limau. Alipofika kwenye thamani, akafuata ile sheria ya Shem, akamwuliza mzee, labda kwa mzaha, "Hiki kikipotea, utapataje kingine kama hiki?"

Mzee akasema, "Nitanunua chochote, nimpe Nabby."

Tulicheka wote. Lorraine ndiye alichelewa, lakini akacheka. Halafu wote wakaja hapa kwa Gentille wakala bugali, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Mzee alikula kwa mkono, akajipaka mpaka kwenye saa.

Dada yako,
Nabintu


Kenmore, 16 Agosti 2015

Yaya!

Ni msichana! Amezaliwa Alhamisi, ana sauti ya mwenyekiti wa kwaya. Goreth mzima. Tumempa jina la Nabintu, na wewe usijifanye hukutarajia. Tukimwogesha anatulia na kutazama maji yakimwagika, kwa hiyo jina la shangazi msuguaji limemkaa.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimemsomea hata mwenzangu kazini, nikimtafsiria. Kwenye majivu alishika kifua. Kwenye kile kidole gumba alitoka nje kidogo.

Nieleze sasa: bima imeishaje? Mzee anakaa au anahama? Na Yaya, ndani ya barua zote hizi hujaliandika lile neno. Nimetafuta.

Barua hii Goreth ameitia posta yeye mwenyewe.

Birindwa


Louisville, 13 Septemba 2015

Kwa mdogo wangu Birindwa, na kwa Goreth, na kwa Nabintu mdogo,

Nimelia, nimecheza, nimewaita majirani. Aksanti ameandika jina la mtoto kwenye friji kwa herufi kubwa na leo ananijibu kwa Kiswahili bila mwiko. Nguo nne ndogo ziko njiani. Msizifue kwa maji ya moto, zitasinyaa.

Mzee anakaa. Miss Lorraine alikuja wiki iliyopita, akatazama jiko langu, bafu, kabati za dawa, halafu akaninong'oneza, "Vijiko vya fedha vya mama usivikaribie." Nikamwapia. Saa hiyo hiyo mzee akapiga kelele kutoka chumbani, "Mwache avisugue!" Basi tumekubaliana sufuria ni zangu, vijiko ni vyake.

Kile kitu Miss Lorraine amekichukua, kiko Columbus sasa, kwenye sefu yake, kimekatiwa bima kwa thamani ya friji. Anasema zamani alikitaka kwa sababu ni adimu. Sasa anakitaka kwa sababu ni cha baba yake. Ile karatasi ya mtaalamu anaionesha kila mgeni, anasoma mpaka pale kwenye majivu.

Sanduku limebaki hapa, mzee hakutaka liondoke. Kufuli nimeitupa. Anaweka miwani humo, na kile kifaa chake cha masikio, na pipi anazodhani sizijui. Asubuhi nikimletea kahawa siku hizi ananiambia, "Habari za asubuhi, Nabby," halafu anakunywa. Lile swali haniulizi tena. Siku ya kwanza nilisimama pale na sinia nikilingoja.

Umetafuta lile neno, umesema. Jana nilimweleza Aksanti habari zote, kwa sauti ya kawaida, dirisha likiwa wazi, na hakuna mtu aliyegonga mlango. Haya, chukua, hili hapa: bastola. Bastola ya Mista Harlan ni safi.

Mbusu mtoto kwenye paji la uso. Na ukague mifuko ya koti, baridi inakuja.

Dada yako,
Nabintu